Aliyefika Ubeti wa Saba

Mishamo, 9 Novemba 2024

Gratien,

Mbuzi niliyekupa alikuwa na mimba, mjinga wewe. Nilikupa mbuzi wawili ndani ya ngozi moja ukauze, upate kifaa cha kazi, na leo mwezi wa pili huu nasikia bado unazunguka madukani unashikashika mashine kama binti anayechagua kitenge cha harusi. Mbuzi yule angekuwa amezaa sasa. Wewe umezaa nini?

Haya, salamu. Mimi mzima, goti tu ndilo linanikumbusha mvua kabla haijanyesha. Mahindi tumepanda, maharage bado. Binamu yako Joséline ameacha ushonaji wiki ya pili tu, anasema cherehani inampiga mgongo. Kwa hiyo ukoo wetu sasa umejaa watu wanaoonewa na vifaa. Ile simu uliyoniletea nimempa yeye. Mimi siitaki. Kwenye simu nikikubana unasema mtandao unakata. Barua haikati.

Sasa jambo lenyewe. Katekista Rafaeli alikuachia pikipiki yake tangu mwezi wa tisa. Mimi ndiye niliyesimama mbele ya kina mama wote baada ya misa nikamwambia, usiipeleke kwa fundi mwingine, mjukuu wangu wa Makanyagio anachora pikipiki mpaka polisi wanasimamisha kutazama. Jumapili ya Matawi kigango chetu kinatimiza miaka arobaini na Katekista ndiye ataongoza maandamano, juu ya pikipiki hiyo. Watu watalitazama tangi, halafu watanigeukia mimi. Umeelewa?

Alipita kwako akaiona. Yule njiwa wa Roho Mtakatifu uliyemchora kwenye tangi anafanana na bata. Hilo nimelinyamazia, bata naye ni wa Mungu. Lakini anasema tangi lenyewe limefifia kama sahani ya plastiki ya msibani, na wewe unamwambia unangoja mashine ya kung'arishia, tena eti nyepesi. Nyepesi! Kitu chepesi kwako ni maneno. Kusugua ni kusugua. Mkono wako umekufa lini, na kwa nini sikualikwa kwenye mazishi?

Nijibu upesi: kwa nini nyepesi? Wasalimie majirani. Wengine walio ndani ya nyumba yako siwasalimu, maana hujaniambia kama wapo.

Bibi yako,
Gaudiose


Makanyagio, Mpanda, 27 Novemba 2024

Shikamoo Nyogokuru, Bibi yangu,

Barua yako imekaa siku sita kwenye dashibodi ya basi, konda aliisahau. Nimeipata ina duara la chupa ya soda, lakini maneno yote yamesomeka, na yamenifika. Mimi mzima. Huku vumbi limekwisha, sasa ni tope mpaka mlangoni. Pole na goti. Joséline mwambie akae juu ya stuli ndefu, mgongo hautamuuma.

Bibi, naomba nikueleze taratibu kwa sababu si uvivu. Pikipiki ikishapigwa rangi, juu yake tunapiga kliya, yaani rangi isiyokuwa na rangi, kama maji yaliyoganda. Ikikauka inabaki na vipele vidogo kama ganda la chungwa. Tunavisugua kwa msasa laini na maji. Vipele vinakwisha, ila uso unafifia, na hapo ndipo Katekista alipoiona. Bado ilikuwa haijamalizwa. Kinachorudisha mng'aro ni mashine yenye sponji ya mviringo. Inazunguka na dawa mpaka tangi liwe kioo. Kwa mkono mtupu inawezekana, lakini ni siku tatu kwa tangi moja, na ukilitoa juani bado unaona mikwaruzo kama nyavu za buibui.

Dukani zipo mbili. Ya kwanza ni ya mafundi wa magari, kubwa, kama kilo tatu, sponji yake pana kama sahani ya wali. Hiyo ni nzuri kwa bodi la gari. Ya pili ni ya betri, ndogo, nusu ya ile kwa uzito, sponji kama kisosi. Inazunguka huku inatikisika, kwa hiyo haichomi rangi upesi. Mafundi wenzangu wananicheka, wanasema hiyo ni ya kupigia mswaki. Wananiambia nifunge sponji kwenye grinda ya kukatia vyuma, yaishe.

Nisikufiche. Niliazima grinda nikajaribu kwenye tangi la Katekista. Nilifika ukingoni, sijahesabu hata tano, ikala kliya, ikala rangi, ikafika kwenye bati. Bawa moja la njiwa lilikwenda. Nimeshalichora upya.

Kwa nini nyepesi? Tangi la pikipiki lina mabonde na kingo, mashine hailali juu yake, mkono ndio unaoibeba hewani muda wote. Na tena bega langu la kulia linaniuma siku hizi.

Nyumbani wote hawajambo.

Mjukuu wako,
Gratien


Mishamo, 15 Desemba 2024

Gratien,

"Wote hawajambo." Wote wangapi? Chumba kimoja, mtu mmoja, na wote hawajambo. Hata panya unawahesabu siku hizi?

Huku tupo. Maharage yametoka, nguruwe pori wamekula mstari wa mwisho. Joséline amepata stuli ndefu, sasa anasema miguu inaning'inia.

Nimesoma habari ya grinda mara mbili, mara ya pili kwa sababu sikuamini. Chombo cha kukatia vyuma umekipeleka kwa Roho Mtakatifu. Ungenyolea ndevu za babu yako kwa shoka ungenieleza vizuri zaidi. Na hao wenzako wanaokucheka, waulize wao bawa lao liko wapi.

Bega lako la kulia lilizaliwa limechoka. Nakutumia chupa ya mawese niliyochemsha na majani yangu, jipake asubuhi na jioni.

Na kama yule binti wa kule Mamba, Wema, bado anaingia hapo kwako, ujue sijasahau. Alikuja mwezi wa saba kwenye matanga ya babu yako. Siku moja tu! Nimejinyoosha mchana kidogo, naamka, sufuria yangu ya maharage imeanikwa uani inawaka kama mlango wa benki. Amesugua masizi yote kwa mchanga na majivu. Masizi ya miaka hamsini! Sufuria ile mama yangu aliibeba kichwani tulipovuka kutoka Burundi, mimi nimeshika kitenge chake nyuma. Masizi yale ndiyo koti lake, yanashika moto, maharage yanaiva kabla hujamaliza kugombana na mtu. Mbele ya waombolezaji wote akanifanya mwanamke mchafu. Wala hakuuliza. Tangu siku ile sijaipikia. Imening'inia ukutani, na usiniulize.

Sasa sikiliza habari ya uzito, maana hili nalijua na mwenye duka lako halijui. Wanawake wa hapa wakitaka jembe jipya mnadani wananibeba mimi. Silitazami jembe. Nalishika kwa mkono mmoja, mkono umenyooka mbele, naanza ule wimbo wetu wa kutolea sadaka wenye beti saba. Likinishusha mkono kabla ya ubeti wa nne, hilo litamlaza mwanamke kabla ya saa sita. Likifika wa saba na mkono haujui hata kama umeshika kitu, hilo nalo halina chuma, litaruka juu ya udongo. Jembe zuri ni lile linalofika wa saba mkono ukianza tu kutetemeka.

Nenda dukani. Shika mashine, imba. Mwenye duka akicheka, mwambie aimbe naye. Na ashike mtu yuleyule atakayefanya kazi, maana mkono wa mtu si mkono wa mwenzake. Kisha niandikie umefika ubeti gani.

Bibi yako,
Gaudiose


Makanyagio, 20 Januari 2025

Shikamoo Bibi yangu mpendwa,

Heri ya mwaka mpya iliyochelewa. Barabara ilikatika wiki nzima, mabasi yakalala njiani, barua yako na mawese vikafika pamoja Krismasi imeshapita. Asante sana kwa mawese. Bega limepona kabisa.

Tulikwenda dukani kama ulivyosema. Grinda iliuangusha mkono kwenye ubeti wa pili, na ilikuwa haijawashwa bado. Ile kubwa ya magari ilifika mstari wa mwisho wa ubeti wa tatu. Ile ndogo ya betri ilimaliza beti zote saba, mpaka ule wa mjane aliyetoa kikombe cha mtama, na mkono ukaanza kutetemeka kwenye Amina. Bibi, ungekuwepo! Watu waliokuja kununua misumari walisimama. Wawili wakaitikia sauti ya pili. Muuza mitumba wa barazani alivua kofia. Mwenye duka akasema tangu aanze kuuza vifaa hajawahi kuona mtu akipima mashine kwa kuimba, ila kuanzia leo atawaambia na wengine.

Basi tumeinunua hiyo ndogo. Umesema kweli kuliko mafundi wote wa Makanyagio. Tangi la Katekista sasa ukisimama mbele yake unahesabu meno yako. Kingo zote zimetoka salama, hata chini ya mfuniko wa mafuta, mahali ambapo mashine kubwa isingeingia. Madigadi bado moja. Hata njiwa ameonekana njiwa. Wateja watatu wameniletea pikipiki baada ya kuliona. Pembeni, kwenye kava la betri, nimeandika kwa dhahabu: GRATIEN ART, MISHAMO HADI MPANDA. Nilijua utafurahi.

Joséline nimemtafutia stuli fupi.

Mjukuu wako anayekuheshimu,
Gratien


Mishamo, 8 Februari 2025

Gratien,

Nani aliimba?

Salamu sitoi mpaka nijue. Wewe ulifukuzwa kwaya ya watoto kwa sababu baada ya ubeti wa pili unachezesha midomo tu kama mbuzi anayecheua. Nilikuwa benchi la mbele, nilikuona. Ubeti wa tatu huujui. Ule wa mjane hujawahi kuusikia, ukifika wewe umeshatoka nje kununua maandazi. Na sauti yako haijawahi kumvua mtu kofia, labda kumvalisha aliyekuwa hana, azibe masikio.

Nilisema ashike atakayefanya kazi. Kwa hiyo atakayefanya kazi ni mtu anayezijua beti zote saba. Ni mtu ambaye grinda inamshinda kwenye wa pili, wakati wewe ulikuwa ukibeba gunia la mahindi kutoka shambani mpaka hapa. Na unaniandikia "tulikwenda", "tumeinunua". Wewe na nani? Wewe na bega?

Katekista anakuja Mpanda tarehe ishirini kwenye semina. Nimemwambia apite kwako bila kutuma habari. Ana macho. Niandikie wewe kabla hajanieleza yeye.

Gaudiose


Makanyagio, 2 Machi 2025

Shikamoo Bibi,

Nimechelewa. Nilianza barua hii mara nne, na Katekista akafika ya nne ikiwa mezani. Kwa hiyo unajua tayari, lakini ulitaka nikuandikie mimi.

Aliyeimba ni Wema. Anayeng'arisha ni Wema, tangu mwaka jana alipokuwa akisugua kwa mkono. Mimi nachora, kupiga rangi naweza, lakini mashine ya polishi siiwezi. Nina haraka. Bawa la njiwa nililila mimi kwa grinda, yeye alikuwa ameniambia nisithubutu. Yeye anaanza asubuhi bati likiwa baridi. Kila mara anazima, anaweka kiganja juu ya tangi kusikia joto, likimzidi kiganja anaacha mpaka lipoe. Kingo anazifunika kwa utepe wa karatasi, halafu anazimalizia kwa kidole alichokifunga kipande cha fulana. Wale wateja watatu wote walikuja kwa ajili ya kazi yake.

Sikusema kwa sababu wenye bodaboda wana maneno. Niliogopa wakijua mwanamke ndiye anagusa tangi wataondoka. Wakija, yeye anaingia ndani, mimi nashika mashine. Nikazoea. Ikafika siku nikaandika jina langu kwa dhahabu yeye akiwa amesimama pembeni ameshika kopo la rangi. Alinishikia tu kopo.

Bega halikuwahi kuniuma. Mawese amejipaka yeye mgongoni, anasema yamemsaidia sana, na anakushukuru.

Uliniuliza nimezaa nini. Wema ana mimba ya miezi sita. Kwao Mamba sijaenda kujitambulisha. Niliogopa kwenda bila wewe, na kwako niliogopa kusema kwa sababu ya sufuria.

Habari ya sufuria ameniomba niiandike kama alivyosema. Mama yake amewafundisha kwamba mtu ukifika msibani huna kitu mkononi, usikae tu kulia, tafuta chombo kikongwe kuliko vyote ndani ya nyumba ukisugue. Ndiyo pole yake. Hakuwa na kingine cha kukupa. Anasema alipaswa kuuliza, ila ulikuwa umelala na hakutaka kukuamsha, kwa sababu aliambiwa hujalala siku tatu.

Nisamehe Bibi.

Gratien


Mishamo, 15 Machi 2025

Gratien,

Nisikusamehe haraka, utazoea na hilo.

Mimi mzima. Goti liko palepale. Mahindi yamebeba. Joséline amemaliza gauni la kwanza, mkono mmoja mrefu kuliko mwingine, lakini amemaliza, kwa hiyo amekupita wewe.

Katekista alirudi, akakaa hapa uani akaniambia: Mama Gaudiose, nimemkuta binti ameinama juu ya tangi langu, tumbo amelizungushia kanga, mashine ameishika kama anavyoshikwa kifaranga. Na mjukuu wako? nikamuuliza. Akasema, alikuwa mlangoni, anaangalia kama kuna mteja anakuja. Mlinzi! Mungu amekupa miguu miwili uitumie kusimama mlangoni kumficha mtu anayekulisha.

Wanaume wavivu nimewaona. Babu yako alikuwa mvivu, marehemu alijua, na mimi nilimwambia kila siku ya Mungu. Lakini watu walipopita shambani wakasema, mzee, shamba lako limelimwa vizuri, alijibu, amelima Gaudiose. Mbele ya wanaume wenzake. Huo ulikuwa uvivu wenye adabu. Wako hauna hata hiyo.

Eti wenye bodaboda wataondoka. Waondoke na matangi yao yanayofanana na magamba ya kobe. Watazunguka Mpanda nzima, watarudi.

Sasa nikwambie la sufuria, na nalisema mara moja. Siku ile baada ya watu kuondoka niliigeuza. Chini, kwenye kitako, kuna alama tatu za msumari. Mama yangu alizigonga tulipofika kambini, sufuria yake isichanganywe na za wenzake. Nilikuwa nimesahau kama zipo. Miaka hamsini nazichomea moto. Ndiyo maana sijaipikia, na wewe ukadhani ni kinyongo. Kinyongo nilikuwa nacho pia, usinitoe machozi ambayo sina.

Nimezishika kwa kidole mara nyingi tangu hapo. Kingo zake hazijalika. Mchanga ulizunguka pembeni, ukaziacha. Mtu wa haraka angezifuta, kama wewe na bawa. Mkono huo naujua, hata kama mwenye nao hajui kuomba ruhusa.

Kwa hiyo utafanya ninavyosema. Ile dhahabu yako kwenye pikipiki ya Katekista, GRATIEN ART, ifute. Kwa msasa na maji, kwa mkono wako, uone siku tatu zinavyokuwa. Mashine usiiguse, mashine si yako, ni ya aliyefika ubeti wa saba. Ukimaliza andika WEMA WA MAMBA, herufi ziwe kubwa kuliko zako, piga kliya, yeye ang'arishe juu. Mteja akija asiingie ndani. Ingia wewe, upike.

Jumamosi kabla ya Matawi mje. Yeye apande basi, kiti cha mbele, asikae juu ya tairi, na konda mwambie akimrusha nitamjua. Wewe uje na pikipiki nyuma yao, umeze tope lote. Jumatatu yake mimi na Katekista tutakwenda Mamba kwa wazazi wake, na wewe utakaa nyuma yetu umefunga mdomo, kazi hiyo ya kuchezesha midomo unaiweza.

Mwambie Wema aje na mchanga wa kwao. Nina sufuria nyingine mbili. Safari hii aniamshe kwanza.

Barua hii usiikunje. Iache wazi juu ya meza, chukua msasa, anza kufuta.

Bibi yenu,
Gaudiose